Mvule wa Jeneza Lako

Mzee wangu Masatu,

Shikamoo.

Ningekukuta kibarazani ungejibu, "Marahaba. Umekwaruza?" nami ningecheka kabla hata sijavuta kigoda. Miaka tisa nimejibiwa salamu namna hiyo. Mtu akikuletea habari ya mgeni aliyeshuka kwenye kivuko, au ya bei ya sukari, au ya posa ya binti wa fulani, swali lako lilikuwa lile lile. Umekwaruza? Yaani umechukua kisu, ukakwangua gome, ukangoja kuona kama utomvu unatoka, au umeutazama mti kwa mbali ukaja kunisumbua? Vijana wa mwaloni, kule kwenye mitumbwi, walikuwa wanakuigiza mpaka sauti. Nimekuja kukwambia kwamba siku moja sikukwaruza, na wewe ndiye uliyezikwa ndani ya kosa hilo.

Nimechelewa kuandika, najua. Mwaka unakaribia kutimia tangu tukulaze nyuma ya nyumba yako, pale ambapo shamba la mihogo linakutana na msitu. Kila nilipotaka kuanza nilijikuta natafuta kazi nyingine ya kufanya. Nimefua. Nimepaka nyumba udongo upya. Nimeshona begi ambalo halikuwa limechanika sana. Leo mvua ya vuli imenifungia ndani tangu asubuhi na sina tena cha kushona.

Nianze na habari za huku, kwa sababu ulikuwa hupendi mtu anayeingia na jambo zito kabla ya kutoa habari.

Ziwa limejaa magugu maji. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo yanakuja kuziba ghuba yetu yote, ukiyaangalia utadhani ni uwanja wa mpira, na kivuko kinakaa katikati kinanguruma bila kusogea. Kule Nyakato viwanda vya minofu vimeongezeka, na magari yenye barafu yanafika mpaka kwetu kuchukua sangara. Minofu inapanda ndege. Sisi tunabaki na mapanki, mfupa na kichwa na mkia, na hata mapanki sasa yana foleni. Ulikuwa unamwita sangara "mgeni", ukikataa kumla mbele za watu, lakini mkeo, Mama Kulwa, alinisimulia jinsi ulivyokuwa unafyonza vichwa vyake jikoni ukidhani mlango umefungwa. Kila mtu siku hizi anafanya biashara. Mwalimu anauza mitumba. Mchungaji ana mashine ya kusaga. Na kila anayefanya biashara ya samaki anataka mtumbwi, na kila anayetaka mtumbwi anautazama msitu wetu.

Msitu wetu. Mtu mwenye haraka anamaliza kuuzunguka kwa asubuhi moja, na aliyetoka Mwanza mjini akiuona kutoka kwenye kivuko anadhani ni kichaka tu cha ufukweni. Wewe ulinieleza siku yangu ya kwanza kwamba ni kipande kilichosalia. Zamani, kabla ya pamba na kabla ya makundi makubwa ya ng'ombe, miti ilikuwa imezunguka ghuba nzima, na mbega waliweza kwenda kutoka mwalo hadi mwalo bila kukanyaga chini. Sasa wamebaki kwenye miti hii, kama familia mbili. Kuna pongo wachache. Kuna fisi maji wanaoacha magamba ya samaki juu ya yale mawe mawili. Kuna hondohondo, ambao ulinifundisha kusimama kimya nikisikia mabawa yao, kwa sababu jike hujifungia ndani ya shimo la mti kwa udongo na dume ndiye anayemletea chakula kwenye ufa mdogo, na ukimwua dume umeua nyumba nzima.

Nilikuwa mmwagiliaji tu wa kitalu wakati huo. Mwanamke mwenye ndoo mbili. Walinzi mlikuwa wanne, kisha serikali ikaanza kupunguza watu, mkabaki wawili, halafu mwenzako akachoka kungoja mshahara akaenda kuvua. Ukaniambia niache ndoo nichukue panga. Watu walisema Mzee amekosa mwanamume wa kumfundisha. Ukawajibu kwamba umekosa mwanamume wa kusikiliza, na tukaingia msituni.

Nakumbuka uliponipeleka kwa Bibi.

Ulikuwa huwaiti mivule wengine kwa majina, ila yeye. Alikuwa amesimama kwenye bonde dogo karibu na chemchemi, na tulipojaribu kumzungushia mikono, mimi na wewe na wale wanafunzi wa shule, tulihitaji watu saba. Nilikuwa sijui kwamba mivule ina dume na jike. Ulicheka. Ukanionyesha wale watatu wa upande wa ziwa, wote madume, wanaotoa yale maua marefu yanayoning'inia na kuanguka bure. Bibi peke yake ndiye aliyezaa. Matunda yake ya kijani, manene kama viwavi, popo walikuwa wanayafuata jioni kwa mamia, wanakula, wanaruka, wanadondosha mbegu kila mahali. Ukasema mche wowote wa mvule utakaouona ndani ya msitu huu wa Bukamba, mama yake ni huyu.

Na tulijaribu kumsaidia. Unakumbuka kitalu? Tuliotesha mbegu zake misimu mitano. Miche ilichipua vizuri, ikafika urefu wa kiganja, halafu vile vidudu vikaja, majani yakajaa vinundu, vinundu vikaoza, na miche ikafa mistari kwa mistari. Mara ya tano ulikaa chini kabisa kwenye udongo ukavua kofia. Ukasema mvule haupendi kupangwa foleni, unataka kuangushwa na popo mahali usipopajua. Ndiyo sababu ulimlinda Bibi kuliko wengine wote. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulipopelekwa hospitali mjini, kile kikohozi kilipokataa dawa zote za zahanati, ulinikabidhi nyundo ya msitu. Ilikuwa imefungwa kwenye shati lako la zamani la kaki. Nilijua kazi yake, nilishakuona mara nyingi ukigonga ile chapa kwenye kisiki na kwenye gogo, na bila chapa hiyo hakuna ubao unaopita kizuizi cha barabarani. Nilijua pia sheria yako. Uliosimama hai haugongwi, hata aje nani na barua gani. Uliokufa wenyewe ni wa watu, bure, kwanza kwa majeneza, halafu kwa madawati ya shule. Na anayesema mti umekufa ni kisu. Ukaniambia, "Nyundo haina macho, Nyangeta." Nikasema nimesikia.

Ulikaa hospitali miezi mitatu. Mwezi wa tatu wa kulazwa kwako, vuli ilipoanza na kila kitu kikawa kijani mpaka macho yanauma, Bibi akapukutisha majani. Yeye peke yake. Wenzake watatu wamejaa, yeye mtupu kabisa, matawi yamenyooka juu kama mtu anayeomba. Katika miaka yangu tisa sikuwahi kumwona akifanya hivyo wakati wa mvua. Alikuwa akipukutisha kiangazi, pamoja na wengine, siku chache tu.

Watu wakaanza kusema mti unamfuata Mzee. Wanawake wa kisimani walisema. Hata mhunzi, ambaye haamini kitu, alisema. Na mimi nikaamini, na nitakwambia ukweli wote, nilipenda kuamini. Nilikuwa nikikuletea uji hospitalini nakuona ulivyokonda, narudi na kivuko jioni namwona Bibi alivyokuwa mtupu, na niliona ni sawa kabisa kwamba nyinyi wawili muende pamoja. Ilinifariji. Sikukwambia kuhusu Bibi kwa sababu sikutaka kukuumiza. Ningekwambia, ungenijibu kwa neno moja na leo tusingekuwa hapa.

Ukafariki siku ya Jumatano. Mwanao Kulwa akatuma ujumbe kwamba anakuja kwa treni kutoka Dar, kwa hiyo ikabidi ungoje mochwari siku tano. Mjini karibu na Nyamagana walikuwa wanauza majeneza ya mbao laini, yale yanayopakwa rangi ya kahawia ili yaonekane kitu. Nikamwambia Mama Kulwa kwamba mtu aliyelinda mivule miaka yote hiyo hawezi kwenda ndani ya boksi la sabuni. Nikasema Bibi amekauka, na kwa kanuni yako mwenyewe mti mkavu kwanza ni wa jeneza. Wazee wote wakaafiki. Waliniona nimefanya jambo kubwa.

Nilienda peke yangu na nyundo. Kulikuwa na manyunyu. Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa kulia wa koti, nilikigusa, nakumbuka ubaridi wake. Sikukitoa. Niliona ni kama kumchoma marehemu kisu ili kuhakikisha amekufa. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo. Nikalia kwanza, nikaegemeza paji la uso kwenye gome lake, kisha nikagonga mara mbili, na mlio ukaenda mpaka ziwani. Halafu nikapanda kivuko kwenda kukaa na mwili wako, nikawaachia kazi wapasuaji mbao, akina Petro.

Petro anajua miti. Shoka lake la kwanza lilipoingia, maziwa ya utomvu yalitoka. Yalitiririka, Mzee. Amenieleza mwenyewe baadaye, bila aibu, kwamba walitazamana, halafu wakasema nyundo imeshagonga, wao ni nani. Mbao za jeneza zilihitajika chache tu, na mti ulikuwa mkubwa. Zilizobaki zilikuwa na chapa halali.

Tulikuleta kwa pikapu, umefungwa kwenye sanda na mkeka, na jeneza lilikuwa linakungoja uani. Lilikuwa zuri. Fundi wa mitumbwi ndiye aliyelitengeneza, na alilisawazisha mpaka likang'aa. Lakini wanaume sita walipoliinua, likagoma. Wakaongezwa wawili. Kutoka uani mpaka kaburini ni hatua ambazo wewe ulikuwa unazimaliza kabla mtu hajawasha kiberiti, na walipumzika mara tatu. Wazee wakasema Mzee hataki kuondoka, ana uchungu na msitu wake. Watu walilia sana kwa maneno hayo. Mimi nililia kuliko wote.

Nilikuwa nimeshika pembe ya nyuma kidogo, kwa heshima tu, na niliporudisha mkono ulinata. Nilinawa kwa maji, ule unato haukutoka. Nilinawa kwa sabuni haukutoka. Mwishoni nilikwenda nyuma ya jikoni nikachukua koroboi ya Mama Kulwa, nikamimina mafuta ya taa kidogo viganjani, nikasugua mpaka ukatoka. Nilikuwa najua ni kitu gani kinachotoka kwa mafuta ya taa tu. Mikono yangu ilijua, lakini mimi nilikataa kuisikiliza, nikarudi kukaa na waombolezaji.

Baada ya kuanua tanga Mama Kulwa alinipa madaftari yako. Yamejaa sanduku zima. Nilikuwa nakuona ukiandika lakini sikujua kwamba umeandika kila mti, kila mwaka, nani amepukutisha, nani ametoa maua, popo wamekuja siku gani na wameondoka lini. Nilianza na la mwisho nikirudi nyuma, kwa sababu nilitaka kukuona ukiwa karibu kwanza. Siku ya tatu nilifika kwenye daftari la kabla sijaja kazini. Mwandiko wako ulikuwa mkubwa zaidi wakati ule. Uliandika hivi: "Mwaka jana Bibi alizaa kupita kiasi. Mwaka huu amepukutisha peke yake kwenye mvua. Anapumzika. Asidhaniwe amekufa."

Nilikaa na ukurasa ule magotini mpaka ng'ombe wakarudi. Na safari hii pia, mwaka wa kabla ya kuugua kwako, matunda yalikuwa mengi mpaka tukawa tunateleza njiani. Tuliteleza pamoja, mimi na wewe, ukanishika mkono.

Nilinyamaza miezi sita.

Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako. Nani angetaka kusikia kwamba Mzee Masatu, aliyekataa barua za wakubwa, aliyetukanwa kwa kuwanyima watu hata fito mbichi, amelazwa ndani ya mti alioupenda kuliko yote, ukiwa umekatwa ukiwa hai? Ungechekwa kaburini. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najipa mchana. Sababu nyingine ni kwamba niliogopa kunyang'anywa nyundo.

Ulipofika wakati wa matunda popo walikuja. Nilikuwa nimekaa karibu na kisiki jioni, jua bado halijazama. Walikuja wachache kwanza, kisha wengi, wakazunguka pale juu ambapo hapakuwa na kitu, wakazunguka, wakazunguka. Hawakutua. Siku ya nne hawakuja tena.

Mbao zilizobaki zilikuwa zimenunuliwa na Bwana Deusi, wakala anayekusanya sangara kwa ajili ya viwanda. Humjui, alikuja baada yako. Si mtu mbaya. Ameleta mabati kwa ajili ya darasa lililoezuliwa na upepo, na mke wake ni mcheshi. Alitengeneza mtumbwi mkubwa wa buluu ambao nauona kila asubuhi ukitoka, na kila asubuhi najua ni nani yule. Mtumbwi ulimfurahisha. Kiangazi kilipofika na madume wawili kati ya wale watatu wa upande wa ziwa walipopukutisha majani kama kawaida yao, alileta ombi kijijini kwa ajili ya "miti miwili mikavu".

Safari hii nilikwaruza. Nilikwaruza mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa kata na nusu ya kijiji, na maziwa yakatoka meupe kabisa. Nikasema mnaona, iko hai, imepumzika tu. Nilidhani nimemaliza. Ndipo Petro akasema, kwa upole, akinionea huruma nadhani, "Dada Nyangeta, hata ule wa Mzee ulitoa maziwa. Tena mengi kuliko haya. Na nyundo ilisema mkavu." Na Bwana Deusi akaongeza kwamba haombi upendeleo, anaomba kile kile alichopewa marehemu.

Watu wakageuka kunitazama. Mzee, ungekuwa umesimama pale ungeona jinsi mambo yalivyokuwa yamekaa. Kama maziwa yalitoka kwa Bibi na Bibi alikuwa mkavu, basi maziwa hayana maana, na kisu chako hakina maana, na hakuna mti hata mmoja Bukamba ambao mtu hawezi kuuita mkavu ukimwaga majani. Miti ingeisha yote kwa kiangazi kimoja, kwa haki kabisa, na kila gogo lina chapa. Kulikuwa na neno moja tu la kuwazuia. Na Mama Kulwa alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kanga yake ya msiba.

Nikasema, "Bibi alikuwa hai."

Nikasema niligonga bila kukwaruza. Nikasema jeneza lilikuwa zito kwa sababu mbao zilikuwa zimejaa maji ya mti ulio hai, wala si kwa sababu Mzee alikataa kuondoka. Nikasema mtu aliyenifundisha asilaumiwe, aliniambia mara nyingi kuliko nyote mlivyosikia. Hakuna aliyenisaidia. Mama Kulwa akajifunika kanga kichwani, akainuka, akaondoka.

Ombi likakataliwa. Mwenyekiti alisema wazi kwamba maziwa ni uhai, na kwamba yaliyotokea kwa Bibi lilikuwa kosa la mtu. Kwa hiyo wale madume wamesimama. Wiki iliyofuata Bwana Misitu wa wilaya alikuja na pikipiki, akaandika maelezo yangu kurasa mbili, akachukua nyundo. Aliiondoa kwenye shati lako, akaniachia shati. Nimeachishwa kazi. Wanasema mlinzi mpya atakuja kutoka mjini, mpaka leo hajaja, na nadhani hakuna pesa ya kumleta. Msitu kwa sasa unalindwa na kitu kimoja tu, kwamba hakuna mtu mwenye nyundo. Sijui hali hiyo itadumu mpaka lini. Vijana wameshaanza kukata fito upande wa kaskazini.

Mimi nakaanga mapanki mwaloni. Usicheke. Naona ungecheka.

Mama Kulwa hakusema nami kwa siku tisa. Nilikuwa napita nje ya uzio wake namsikia akichambua mchele, naita hodi, haitikii. Siku ya kumi alikuja mwenyewe kwangu asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai. Akatazama viganja vyake muda mrefu. Halafu akasema, "Siku ile hata mimi nilinawa kwa mafuta ya taa."

Alijua, Mzee. Alikuwa ameliegemea jeneza kabla halijafungwa, mikono yote miwili, na ameishi na wewe miaka arobaini, asingeshindwa kujua utomvu wa mvule. Alipokwenda kuchukua koroboi akaikuta imepungua na kifuniko kimewekwa vibaya. Akajua kwamba na mimi najua. Tangu siku hiyo alikuwa ananingoja niseme. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia yeye, akasema kosa halikuwa lake, angelisemaje. Nikamwuliza kama wewe ungenisamehe. Hakunidanganya. Akasema, "Angekasirika mno. Halafu angeuliza daftari liko wapi."

Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana ndivyo ulivyokuwa.

Basi nimeandika. Nilichukua daftari lako la mwisho, nikafungua ukurasa unaofuata ule ulipoishia, na chini ya mwandiko wako nikaandika kwa wangu: "Bibi amekatwa akiwa hai, alipokuwa anapumzika. Aliyegonga ni Nyangeta. Hakukwaruza. Popo walikuja, hawakutua." Sikuongeza neno la kujitetea. Nimeendelea kuanzia hapo. Kila Jumamosi, mapanki yakiisha mapema, nazunguka njia yetu yote na naandika nilichoona, ingawa hakuna anayenilipa wala aliyenituma. Hondohondo wamejifungia tena kwenye mkuyu ule ule. Mbega wamezaa mmoja, mweupe tupu, utaweza kumwona kutoka kwako akiwa anavuka.

Nayakumbuka mambo madogo. Nakumbuka jinsi ulivyokuwa unanigawia muhogo wa kuchoma na kujipunja mwenyewe, ukisema meno yamegoma. Naukumbuka ukali wako. Hakuna anayenigombeza siku hizi, watu wananionea huruma, na huruma inachosha.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Jumamosi iliyopita nilikaa karibu na kisiki kula, nikaona ubavuni, upande wa chemchemi, kitu cha kijani. Nilidhani ni mmea mwingine umejiotea kwenye ufa. Nikapiga magoti. Chipukizi tatu, zimetoka kwenye gome lenyewe, ndefu kama mkono wangu, na majani hayana kinundu hata kimoja. Ni Bibi yule yule, si mtoto. Najua hesabu yake. Zikipona, zikiepuka mbuzi na panga na moto wa kiangazi, mtu atakayeona popo wakitua tena pale hajazaliwa bado. Sitakuwepo. Sikuandikii haya ili uone mambo yamekuwa mazuri, kwa sababu hayajawa.

Lakini nimezizungushia miiba. Na nakuahidi kwamba nitazizungushia kila mwaka niliobakiza, na nikishindwa kutembea nitamwonyesha mtu, na daftari halitakuwa na ukurasa mtupu mradi mkono wangu unashika kalamu. Mlinzi mpya akija na nyundo, awe nani, nitamsimamisha mbele ya kisiki hiki kwanza nimsimulie yote, na jina langu likiwemo, kabla hajagonga chochote.

Pumzika, Mzee wangu. Pumzika ndani yake. Msamehe aliyekuweka humo, ukiweza.

Kabla sijaondoka pale nilikata jani moja, la chini kabisa, kwa ukucha. Nikangoja. Tone likaja, jeupe, likaninata kidoleni, na mpaka naandika barua hii sijaliondoa kwa mafuta ya taa.

Shikamoo, Mzee. Nimekwaruza.

Mwanafunzi wako,
Nyangeta